Sumaku za Tanuri Namba Mbili

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, Mwatima alitoa visahani kumi na viwili kwenye tanuri namba mbili, kila kimoja ukubwa wa sarafu ya pauni mbili, akavipanga kwenye sinia, akavua glavu, akaenda kunawa. Sinki lilikuwa mkono wa kushoto, hatua nne. Aliporudi, visahani vilikuwa vimeshatoka kwenye sinia na kujipanga ukingoni mwa meza, upande wa sinki, kama watoto wanaosubiri kufunguliwa mlango. Akavirudisha kimoja kimoja. Kisha akafungua daftari la tanuri akaandika: "Vimesogea sentimita kumi na nne. Joto la chumba digrii kumi na tisa." Akaenda kuwasha birika la chai, navyo vikaanza safari ya kuelekea birika.

Vilikuwa bado havijapitishwa kwenye mashine ya kuvipa nguvu. Havikupaswa kuvuta kitu wala kuvutwa na kitu. Hilo nalo aliliandika.

Karakana ilikuwa Edmonton, kaskazini mwa London, nyuma ya maghala, mahali ambapo malori ya barabara ya North Circular yanasikika mchana kutwa. Kampuni ilikuwa ndogo: watu kumi na mmoja, matanuri matatu, choo kimoja. Kazi yake ilikuwa kutafuta sumaku ya kudumu isiyohitaji madini adimu, yale yanayochimbwa mbali na kugombaniwa na mataifa. Wao walitumia manganizi na alumini, vitu vya kawaida, na kaboni kidogo sana.

Aloi hiyo, yaani mchanganyiko huo wa metali, ina tabia yake. Ikitoka kwenye moto mkali na kupozwa ghafla, haivuti hata pini. Ukiipasha tena kwa joto la kiasi, atomi zake hujipanga upya, na hapo ndipo inapogeuka sumaku. Hali hiyo wenyewe wanaiita tau. Tau si hali ya kutulia. Ukiizidishia muda, atomi zinahama tena, sumaku inakufa, na hakuna dua ya kuirudisha mpaka uyeyushe kila kitu uanze upya. Kazi yote ya Mwatima ilikuwa hapo katikati, kati ya mapema mno na kuchelewa.

Mwaka mzima visahani vilikuwa vikitoka nusu nusu. Chini tau, juu bado. Wakiongeza dakika, juu panaiva na chini panakufa. Daktari Hemal, mkuu wa utafiti, alibadilisha mipango ya tanuri mara arobaini. Mwezi wa Machi, Mwatima alitazama picha ya kisahani kilichokatwa kati akaona kitu anachokijua tangu ana miaka saba: wali ulioungua chini na mbichi juu. Kwao Wete, kisiwani Pemba, huwezi kumwekea mgeni wali wa namna hiyo. Unapunguza moto wa chini, unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko, na wali unaiva kwa moto wa pande mbili. Basi akapasha tofali kwenye tanuri namba tatu, digrii mia tano, akalibeba kwa koleo, akaliweka juu ya mfuniko wa chungu cha aloi ndani ya namba mbili, akapunguza joto la chini. Baada ya dakika ishirini na mbili visahani vikatoka tau kutoka juu mpaka chini. Akaandika daftarini, "Nimepalia," akaenda kula.

Mwezi uliofuata akaja wakili wa hataza, ile hati inayosema uvumbuzi fulani ni wa nani na nani asiuguse. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kalamu nzuri. Aliwahoji mmoja mmoja katika chumba cha mikutano.

"Hili la joto la juu," alimwuliza Mwatima, "ni wazo lako?"

Mwatima alilelewa asijivike cha mwenzie. Akajibu bila kufikiri mara mbili: "Si langu. Kwetu kila mwanamke anajua. Mimi nimefunzwa na mama."

Wakili akaandika, akamshukuru, akamsogezea biskuti.

Halafu, Jumatatu hii, Mwatima alikwenda kuchukua karatasi zake kwenye printa akaikuta fomu. Wavumbuzi walikuwa wawili. Wa kwanza Daktari Hemal. Wa pili mkurugenzi, ambaye aliwahi kuingia chumba cha matanuri mara moja tu, kutafuta chaja ya simu. Kupalia kuliitwa "upashaji wa pande mbili". Fomu ilikuwa ipelekwe Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Mwatima alikuwa na stashahada ya chuo, miaka kumi na saba mbele ya matanuri, na barua mbili za kumkatalia kazi ya uhandisi kwa kuwa hana digrii. Jina kwenye hataza halihitaji digrii. Alijua hivyo kwa sababu aliisoma fomu yote palepale printani, pamoja na maandishi madogo ya ukurasa wa tatu. Alilitaka jina lake pale. Hakutaka keki wala makofi. Alitaka jina, liandikwe mahali pa majina.

Saa nane mchana wa siku hiyo ndipo visahani vilipoanza kusogea.

Aliyepima nguvu za sumaku alikuwa Parminder, mzaliwa wa Nakuru, miaka sitini na mitatu, aliyebakiza miezi michache astaafu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bangili ya chuma ya Kisingasinga ambayo haivuliwi kwa sababu ya kazi wala ugonjwa, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo alipimia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuweka mgongoni kama askari wa gwaride. Jumanne ile aliweka kisahani cha kwanza kwenye mashine, akatazama mshale, akamtazama Mwatima.

"Mama Sundus, hebu toka hapo."

"Nimekaa tu."

"Ndiyo shida. Ukikaa, mshale unakuangalia wewe. Enda kwa dirisha."

Mwatima akaenda dirishani. Mshale ukamfuata.

"Haya, sasa enda kwa mlango."

Akaenda mlangoni. Mshale ukageuka taratibu, ukasimama mlangoni.

"Hii kitu inakupenda kuliko bwana yako."

"Bwana yangu yuko Leicester na mwanamke mwingine."

"Si ndiyo nasema." Parminder akaandika namba. "Ilianza lini?"

"Jana mchana. Baada ya ile fomu."

"Nimeiona, hiyo fomu." Parminder akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa. "Sasa mimi nitapima aje? Tembea basi. Ukitembea haijui itaangalia wapi."

Ikawa hivyo. Mwatima akisimama, visahani vinajikusanya upande wake. Akitembea, vinatetemeka palepale vilipo. Kwa hiyo akatembea. Alikunywa chai akitembea, akajaza daftari akitembea, akajibu simu ya kampuni ya gesi huku akizunguka tanuri namba moja. Hadi jioni simu yake ilikuwa imehesabu hatua elfu kumi na tisa na kumpongeza.

Jumatano asubuhi aliingia ofisini kwa Hemal bila miadi. Hemal alikuwa kijana wa Queensbury, miaka thelathini na minane, na mama yake, Bi Pramila, alizaliwa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sebuleni, lakini alipenda kukitumia na Mwatima, na hakuwahi kumwita bila "Bi".

"Daktari, ile fomu haina jina langu."

Hemal aliweka kikombe chini. "Bi Mwatima, wewe mwenyewe ulisema si yako."

"Nilisema nimefunzwa."

"Wakili ameandika 'si langu'. Iko kwenye kumbukumbu."

"Kwa hiyo ni lako?"

Hemal akakisogeza kikombe. Juu ya meza yake kulikuwa na visahani vitatu vya kuwaonyesha wageni. Cha kwanza kilisimama kwa ubavu, kikabingirika mpaka ukingoni upande wa Mwatima. Hemal akakizuia kwa stepla. Cha pili kikazunguka stepla.

"Mama yako alipokuwa Tanga alipikaje wali?" Mwatima akauliza, akitembea kutoka kabati mpaka dirishani na kurudi.

"Sasa hivi ana jiko la umeme."

"Sikuuliza sasa hivi."

"Makaa chini, makaa juu," Hemal akasema, na kwa nukta moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia harufu ya nyumbani. Kisha akajikunyata kitini. "Lakini hiyo ni jikoni, Bi Mwatima."

"Na kule ninakofanya kazi ni wapi? Moto, chungu, mfuniko. Nambie tofauti."

"Tofauti ni kwamba mkurugenzi ameshawaambia wawekezaji majina." Alikizuia kisahani cha tatu kwa kiganja. "Nitaomba wakili akusikilize. Kesho saa nne, kwa skrini. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Uwezo alikuwa nao, na wote wawili walijua. Lakini alisema kwa sauti ya upole, na Mwatima alishaona kwamba katika nchi hii mtu akikukatalia kwa upole unatarajiwa umshukuru. Hakumshukuru.

Jioni ile visahani vinne vilikwenda naye nyumbani. Vilikuwa vimeingia mfuko wa koti. Alivitoa akaviweka kwenye sahani ya siagi, akaanza kupika, navyo vikawa vinagonga ukingo wa udongo kila alipopita, tik, tik, kutoka jokofu mpaka jiko, kutoka jiko mpaka sinki. Binti yake Sundus, miaka kumi na mitano, alikuwa mezani na hesabu zake. Alichukua kimoja akabandikia ratiba ya mitihani kwenye jokofu. Ratiba ikateleza na kuhamia mlango wa kabati. Sundus akamwambia mama yake, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ama akae chini au avitoe nje, kwa sababu hawezi kutafuta thamani ya x katika nyumba inayotembea.

"Kaa wewe unikalie na mimi," Mwatima akamjibu, akapiga simu Wete.

Mama yake, Bi Kijakazi, alipokea kwenye mlio wa kwanza. Kule usiku ulikuwa umeshaingia, na alikuwa akisubiri taarifa ya habari.

"Mama, kupalia ulifunzwa na nani?"

"Na mama yangu. Kwani umeunguza?"

"Sijaunguza. Huku wanataka kuandika mwenyewe ni nani."

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa kupalia."

Bi Kijakazi alicheka mpaka akakohoa. "Basi na wamwandike mwenye kuchemsha maji."

"Mama, wameshaandika. Wameandika mkubwa wangu, na mkubwa wake."

Kicheko kikakatika. "Wanajua kupika, hao?"

"Hawajui."

"Na wewe uliwambia nini walipokuuliza?"

"Niliwambia si langu. Nimefunzwa nawe."

Mwatima akasikia redio ya kule ikipunguzwa sauti.

"Mie nilikufunza wali," Bi Kijakazi akasema. "Vyuma sikukufunza, vyuma sivijui. Kilichokutoa wali kukupeleka kwenye chuma ni kichwa chako, si changu. Nenda kaseme ni lako. Usinifanye mie kichaka cha kujifichia."

Mwatima alizunguka meza mara mbili. Visahani vinne vikazunguka sahani ya siagi mara mbili.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Na hicho kinachogonga gonga hapo ni nini?"

"Sumaku."

"Zifunike," akasema Bi Kijakazi, akakata simu awahi habari yake.

Alhamisi saa nne, wakili alitokea kwenye skrini ya chumba cha mikutano akiwa na kalamu ileile. Hemal alikaa karibu na mlango. Parminder alikuja bila kuitwa. Juu ya meza ndefu kulikuwa na sinia ya visahani thelathini, vielelezo vya ombi. Mwatima alijizuia kutembea, kwa kuwa mbele ya wakili mtu hukaa kitini. Alipokaa tu, visahani thelathini vilivuka meza kwa pamoja, vikasimama mbele yake safu mbili.

Wakili alivitazama, akaandika kidogo. "Nimeona," akasema. "Endelea."

"Nilipoulizwa mara ya kwanza nilikosea," Mwatima akasema. "Wali nilifunzwa. Kuleta njia ya wali kwenye aloi ni mimi. Nilitazama picha, nikajua. Hakuna aliyeniagiza."

"Kuna maandishi?"

"Daftari. Mwezi wa Machi. 'Nimepalia.'"

"Daftari linaonyesha ulifanya. Fundi huandika anachoagizwa. Kuna mtu aliyekuona ukiwaza?"

"Mimi nilimwona," akasema Parminder.

"Ulimwona akiwaza?"

"Nilimwona akiangalia ile picha ya kisahani. Alisonya, halafu akasema, wali."

"Alisema wali?"

"Wali."

Wakili akaandika: wali. Akaipigia mstari chini. Kisha akaweka kalamu na kueleza, polepole, kwa sauti ya daktari wa watoto. Kama njia hii inajulikana na kila mwanamke wa Pemba, basi si mpya, na hakuna hataza kwa yeyote, na kampuni haina cha kuwauzia wawekezaji, na watu kumi na mmoja wanatafuta kazi nyingine. Kama ni ya Mwatima, itaulizwa kwa nini alisema kwa hiari yake kwamba si yake, na ombi litaanza safari likichechemea. "Kwa usalama wa wote," akasema, "ni afadhali tuliache lilivyo."

"Na hizi?" Mwatima akaonyesha visahani.

"Sumaku zinaonyesha ulipo," wakili akasema. "Hazionyeshi ulichofikiri."

Mwatima alimgeukia Hemal. Ingetosha aseme neno moja. Alikuwa ndiye mvumbuzi wa kwanza, na mvumbuzi wa kwanza akisema jina lingine liongezwe, linaongezwa. Ukurasa wa tatu ulisema hivyo pia. Hemal alikuwa akitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri.

"Daktari?"

"Tuko watu kumi na mmoja, Bi Mwatima," akasema.

"Nilikuwa najua kuhesabu kabla hujazaliwa," Mwatima akamjibu, akainuka. Visahani vikaanguka kimoja kimoja ukingoni mwa meza vikimfuata mlangoni, na Parminder akaviokota kwa mkono wa kushoto.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika nane, mkurugenzi alibonyeza kitufe na fomu ikaenda. Mwatima alikuwa ghalani, upande wa pili wa ukuta, akihesabu magunia ya mchanga wa tanuri. Visahani vyote vilivyokuwamo jengoni, mia mbili na sita, vilitoka kwenye droo, masinia na bahasha vikabandikana kwenye ukuta ule, kwa sauti kama ya mchele unaomwagwa kwenye sinia. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu na mwekezaji, akaomba mlango ufungwe. Hemal akaufunga.

Mwatima hakuacha kazi. Kodi ya nyumba haisubiri mtu apate hasira yake, na Sundus alikuwa na mitihani. Aliendelea kupalia, kisahani baada ya kisahani, na alikipalia kila kimoja vizuri, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Aliendelea pia kutembea. Viatu vya kazi vya mwaka mzima viliisha nyayo ndani ya wiki tano, akapewa vingine, akasaini.

Mwezi wa Mei malalamiko yakaja kutoka Birmingham, kwa mteja anayetengeneza mota. Nguvu ya sumaku ilikuwa pungufu ya ilivyoandikwa, na mota zake zote, zikizimwa, zilikuwa zikisimama zimeelekea upande mmoja. Hemal akatazama ramani, akachora mstari kutoka Birmingham kwenda kusini mashariki. Mstari ukapita Edmonton. Siku moja Mwatima alipoomba ruhusa kumpeleka Sundus kwa daktari wa meno Woolwich, mteja alipiga simu kusema mota zimegeuka kidogo. Hapo Hemal akaona jambo hili linapimika. Kitu kinachopimika hakiogopeshi, na akafanya kazi ya uangalifu ya wiki tatu, akimtembeza Mwatima mita moja moja kando ya ukuta huku Parminder akisoma namba.

Toleo la nne la mwongozo wa upimaji lilitoka mwezi wa Juni, kurasa kumi na moja. Ukurasa wa sita ulitaja vitu vinavyoweza kuharibu kipimo: joto la chumba, mtikisiko wa malori, chuma kilicho karibu, na Mwatima. Kila kimoja kilipewa kiasi cha kutoa. Joto, nusu asilimia. Malori, robo. Cha mwisho kilikuwa asilimia nne, nacho kiliitwa Sahihisho la Mwatima, kikiwa na fomula yake katikati ya ukurasa. Hemal aliuleta mwongozo mwenyewe mpaka kwenye tanuri namba mbili.

"Jina lako limo, Bi Mwatima," akasema, na alikuwa amefurahi kweli. "Kila mteja atalisoma."

Mwatima aliusoma ukurasa wote huku akitembea. Akapiga hesabu ya fomula kichwani, akaona iko sawa. Akasaini pale panapothibitisha kwamba mhusika amesoma na kuelewa, akamrudishia kalamu.

Mchana wake walipaka mstari wa njano kwenye sakafu ya chumba cha kupimia, mita mbili na nusu kutoka kwenye mashine. Rangi ilipokauka, Parminder akaweka kisahani mahali pake.

"Simama juu ya mstari, Mama Sundus. Tulia, na huu mshale utulie."

Mwatima akasimama juu ya mstari. Mguu wa kulia ukatoka; akaurudisha. Wa kushoto ukatoka. Mshale ukaenda kulia, ukarudi, ukaenda kushoto. Parminder alingoja dakika moja, akangoja ya pili. Halafu akasoma namba mbili, moja ya huku na moja ya kule, akaandika wastani.